Gia ya Shangazi

Mashine ya kusaga ya shangazi yangu, pale Mkata, ilivunjika gia, na spea yake haikupatikana Handeni wala Korogwe. Mimi nilikuwa fundi kwenye karakana ya Dar es Salaam yenye mashine inayoyeyusha unga wa chuma kwa leza, tabaka juu ya tabaka, mpaka kifaa kinakamilika. Nikamtengenezea gia iliyong'aa kama ya dukani. Nilipoifunga, akapiga vigelegele.

Debe la kwanza la mahindi halijaisha, gia ikakatika. Nikaokota vipande. Ndani palijaa vitundu ambavyo kwa nje havikuonekana.

"Mbona ina matundu kama mkate?" shangazi akauliza.

"Unga wa chuma ulikuwa na unyevu, shangazi. Ulipoyeyuka, hewa ikanaswa ndani."

"Kumbe na unga wenu huanikwa!" Akacheka, wateja nao wakacheka, nami aibu ikaniishia kwenye kicheko.

Nilirudi kazini, nikakausha unga vizuri, na gia ya pili nikaipiga eksirei kabla ya kupanda basi. Hiyo ilisaga mpaka foleni ikaisha. Jioni tulikula ugali wa mahindi yake, na shangazi akaniongezea kipande cha kuku.