Chuo cha Urubani Kilichochaguliwa kwa Mshono

Mama Geuza alikuwa na sheria moja, na aliishika miaka ishirini na sita bila kuilegeza: nguo haisifiwi mpaka igeuzwe ndani nje. Wateja ndio waliompa jina hilo. Ukiingia kwenye chumba chake cha kushonea, kwanza anakushika upindo, anaugeuza, anaguna, ndipo anakusalimu. Bwana harusi mmoja aliwahi kusimama pale bila koti, akingoja hukumu ya kazi ya fundi mwingine kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Sheria ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba mwenyewe aliamini inatosha kwa kila jambo chini ya jua.

Binti yake wa pekee alipofaulu vipimo vya afya vya marubani, ilibaki kuchagua chuo. Vilivyofikika vilikuwa viwili. Binti aliandika maswali kwenye karatasi: ndege ngapi zinaruka, wanafunzi wangapi kwa kila ndege, mtu anaruka saa ngapi kwa mwezi. Mama akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia mkobani.

"Nitauliza mimi. Nyie mkisikia neno ndege mnakubali kila kitu."

Chuo cha kwanza kilikuwa banda la mabati kando ya uwanja. Mkufunzi alikuja akifuta mikono kwa tambara, shati halina kifungo cha pili, mfuko umeshikizwa kwa pini. Nyuma yake ndege ilitua, ikageuka, ikaondoka tena. Ikaja nyingine. Binti alizihesabu kwa midomo.

"Karibuni," mkufunzi alisema. "Imebaki nafasi moja. Darasa linaanza Jumatatu, na jingine ni mwakani."

"Baba, hicho kifungo kilikatika lini?"

Mkufunzi akajitazama kifuani. "Hata sijui, mama. Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua," Mama Geuza alirudia, kwa sauti ya daktari aliyekuta uvimbe.

"Mama, muulize saa za kuruka," binti alinong'ona.

"Nimeshaona. Mtu aliyeshindwa na kifungo, injini ataiweza?"

Chuo cha pili kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Kulikuwa na zulia, kiyoyozi, na picha ya ndege iliyojaa ukuta mzima. Mkuu wa chuo alivaa shati jeupe lenye tepe nne mabegani. Kabla hajaketi, Mama Geuza alikuwa ameshashika ukosi wake.

"Samahani, baba. Inama kidogo."

Mkuu akainama. Hakuzoea kukaguliwa, lakini alimjua mlipa ada akimwona.

Mama Geuza aligeuza ukosi, akageuza mkono wa shati, kisha akaomba sare ya mwanafunzi, akaitandaza ndani nje juu ya meza. Mishono imefungwa kote. Hakuna uzi unaoning'inia. Tepe zimeshikizwa kwa mkono, kwa mishono midogo kama punje za mchanga. Akaipapasa mara ya pili, kwa maana kazi iliyomzidi hakuwahi kukutana nayo.

"Nani anawashonea?"

"Tuna fundi wetu, mama. Hapa kila kitu ni cha kiwango."

"Na ndege ziko wapi?" binti aliuliza.

"Uwanjani. Ratiba itawaongoza."

"Ratiba itawaongoza," Mama Geuza alimwambia binti, akatia sahihi.

Hapa hana wa kumtetea. Hakuna aliyemlaghai mpaka akashindwa kuona. Aliuliza alichokijua kwa sababu kuuliza asichokijua kulimtia haya, na hakuwa amezoea kuonekana hajui.

Ndege ya chuo hicho ilikuwa moja tu, nayo haikuwa na propela. Wanafunzi walisoma nadharia, wakaimaliza, wakairudia. Kila asubuhi binti alitoka amenyooka katika sare yake, na fundi viatu wa jirani alimpigia saluti.

"Rubani, leo mnapita juu yetu?"

"Leo tunapita ubaoni, mjomba."

Mwezi wa tano wa masomo Mama Geuza alikwenda mwenyewe uwanjani, akaikuta ndege nyuma ya uzio.

"Hii inaruka lini?" alimuuliza mlinzi.

"Mimi niko hapa mwaka wa tatu, mama. Wanaoipanda ni kuku wangu."

Akatoka pale moja kwa moja hadi kwenye banda la mabati. Mkufunzi alimwambia nafasi ilishachukuliwa siku ileile, na darasa jipya bado miezi saba. Akaandikisha jina la binti, akarudi nyumbani, akafunika cherehani.

"Nilikosea, mwanangu."

"Najua, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mara tatu. Mara ya nne ukanipima kiuno."

Kosa lile lilimgharimu binti mwaka mzima. Siku alipofundishwa kufunga mkanda wa kiti cha rubani, wale wa Jumatatu ile walikuwa wanaruka peke yao.