Sketi Niliyokataa Kuishona

Jumatano, 15 Aprili. Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haijakata. Inapungua kidogo, kisha inarudi kama mtu aliyesahau kitu ndani. Mtaa wetu wa Dunda wote ni matope.

Zuhura, mwanangu. Wewe ni mjukuu wangu, lakini nimekulea mimi tangu mama yako ahamie shambani Kiwangwa, kwa hiyo nakuita ninavyojisikia. Umejifungia chumbani tangu tuliporudi zahanati. Mimi niko huku ukumbini na daftari langu, na sina hakika kama ninachoandika kitakufaa. Shule yangu iliishia darasa la nne. Lakini njiani, nilipokutajia mgongo wangu nao uliopinda, umeniuliza swali nikashindwa kulijibu, na nisipolijibu, kesho hutakwenda hospitali kupigwa picha ya mgongo.

Umesema, "Mbona wewe uliishi, bibi? Umeolewa, umezaa. Mgongo wako ulikuzuia nini?"

Ni swali la haki. Acha nilijibu polepole basi, maana kwa haraka sitaliweza.

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani. Nilikuwa na umri kama wako huu. Shangazi Tatu, dada yake baba yangu, alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa ananipima gauni la Idi. Alinizunguka, pini mdomoni, chaki mkononi.

"Simama vizuri, we mtoto."

"Nimesimama, shangazi."

"Mbona bega hili linamkimbia mwenziwe?"

"Sijui."

Akaniinua gauni kwa nyuma, akatazama, akalishusha upesi kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Usimwambie mtu. Nguo nitainyoosha mimi."

Na kweli aliinyoosha. Upande uliopanda aliuongezea kitambaa, bega lililoshuka akalitilia pamba, mgongoni akaachia marinda ya kupwaya. Siku ya Idi wanawake walinisifu umbo. Shangazi alicheka kwa furaha mpaka akajifuta macho, nami nilicheka naye.

Nisimsingizie shangazi yangu. Mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja mwenye nundu, na watoto walikuwa wakimfuata nyuma na wimbo, "Kibiongo, umebeba nini, tupe na sisi!" Shangazi aliusikia wimbo ule kila siku akiwa kwenye cherehani yake. Alichokifanya alikifanya kwa kunipenda, na sijawahi kupendwa vile tena na mtu mwingine.

Ila sikiliza yaliyofuata. Wenzangu wakienda kuoga pwani, mimi nabaki nyumbani nasema nina homa. Mtu akitaka kunikumbatia, namwahi kwa kumpa mkono. Nilipokuwa mwali, wanawake walipokuja kunisinga mwili kwa manukato ya liwa, shangazi aliwatoa wote nje, akafunga mlango, akanisinga peke yake kimya kimya. Nje nilisikia wenzake wakitania, "Mwacheni, anaficha dhahabu!" Ndani hapakuwa na aliyecheka. Na marehemu babu yako, alipouona mgongo wangu, hakusema neno. Mimi nami sikuuliza. Tumeishi pamoja mpaka kufa kwake, na habari ya mgongo haikutamkwa na yeyote kati yetu. Pengine halikumsumbua hata kidogo. Sitajua.

Mtu wa kwanza kuniuliza alikuwa mkunga wa kliniki, mama mtu mzima kutoka bara, wakati nina mimba ya mama yako. Nililalamika kiuno. Akapitisha kiganja mgongoni, kutoka shingoni mpaka chini, bila haraka.

"Huu umeanza lini?"

"Nikiwa msichana."

"Na nani alikuwa anauona?"

"Shangazi."

"Akafanya nini?"

"Akanishonea nguo."

Akasema, "Nguo amekushonea nzuri, mama. Lakini wewe ulikuwa unakua. Mtoto anayekua anatakiwa kutazamwa, siyo kufunikwa."

Nilimkasirikia. Nilimwona ana dharau, na ulimi wake kweli ulikuwa mkali. Lakini alikuwa mkweli pia, maana nilipomuuliza kama ningetibiwa ningepona, alisema hajui. Miaka ile huenda pasingekuwa na la kufanya. "Ila ungekuwa na mtu wa kumwambia," akasema. Nilikwenda kulilia njiani, na hata leo sijui nilikuwa namlilia nani.

Sasa nije kwako. Ijumaa umekuja na sketi ya shule. "Bibi, fundi kaniharibia, upande huu unaning'inia. Nipandishie." Nikakusimamisha pale mlangoni penye mwanga. Sketi ilikatwa sawasawa. Nyonga zako ndizo hazikulingana, na chini ya ushungi bega moja lilikuwa limetangulia. Nilikuwa nimeshashika pini, mwanangu. Kazi ile naijua, shangazi alinifundisha, ingenichukua muda mfupi na ungenibusu.

Nilipozirudisha pini ukasema, "Bibi unazingua. Shona tu." Nikakwambia twende zahanati. Tangu hapo hunisemeshi ila kwa salamu.

Leo yule tabibu, binti mdogo tu, ametuamkia vizuri, kisha akakuuliza wewe, siyo mimi, unataka nani abaki ndani. Ukasema, "Bibi atoke." Nilitoka. Alifanya sawa kukuuliza, nawe ulikuwa na haki ya kujibu, lakini benchi la nje lilikuwa refu sana nimekaa peke yangu.

Aliponiita, alinieleza mbele yako, kwa ruhusa yako. Amekuinamisha mbele, viganja pamoja, akatazama kwa nyuma akaona mbavu za upande mmoja zimeinuka. Mimi nikadakia, "Ni lile begi la madaftari, nilisema mimi!" Akatabasamu. "Hapana, bibi. Si begi, si kukaa vibaya, wala hakuna aliyemtupia kitu. Kwa watoto wengi wa umri huu sababu haijulikani." Basi nimekuonea bure kuhusu begi, nisamehe.

Akasema picha itaonyesha mgongo umepinda kiasi gani. Ukiwa umepinda kidogo, watakutazama tu kila baada ya miezi, mpaka umalize kukua. Ukizidi, kuna mkanda mgumu wa kuvaa ili usiendelee kupinda wakati unarefuka. Wachache hupasuliwa. Hakukuahidi kitu, na kwa hilo nilimwamini.

Wewe ukasema, "Siendi. Watanivua tena." Ukatangulia mvuani.

Hili ndilo jibu langu, Zuhura. Ni kweli niliishi. Niliolewa, nikazaa, nikalima, nikacheka. Sitakutisha kwa uongo. Lakini niliishi kama mtu anayelinda mlango, hata ndani ya nyumba yangu, hata kitandani kwangu. Mgongo haukunizuia kuolewa wala kuzaa. Kilichonichosha ni kuuficha.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Muda wa kutazamwa ni sasa unapokua, maana mfupa ukishamaliza kurefuka hausubiri mtu ajisikie tayari. Nenda ukapigwe picha. Ukiona aibu, sema, uombe muuguzi wa kike, uombe shuka, uombe mimi nitoke, nitatoka. Wakikwambia urudi baada ya miezi kadhaa, rudi, hata kama hauumi. Mtu akikuimbia, njoo uniambie mimi, usiende kwa fundi. Na siku moja ukiwa na binti, na nguo yake ikagoma kukaa sawa, mtazame mtoto kwanza.

Mungu akutunze mwanangu, akupe mwili wa kukubeba mpaka uzeeni na mtu wa kukusugua mgongo bila kufunga mlango kwa hofu. Akuongoze kesho, mvua iwepo isiwepo. Amina.

Jioni tumekula wali wa nazi na mchuzi wa samaki changu. Wako nimekuwekea mlangoni kwenye sahani, umeuchukua. Mimi nimekula ukumbini. Baadaye umetoka kuomba ukoko, umesimama hapo na sahani, ukauliza, "Kesho tunaondoka saa ngapi?" Nimekujibu, tukishaswali alfajiri. Umechukua ukoko wote umerudi chumbani.