Fundi wa Mtandao Chini ya Meza

Fundi wetu wa mtandao haulizi nani kagusa nini. Akifika hupiga magoti kabla hajaitazama kompyuta, kisha huufuata waya kwa kidole, taratibu, kama anayepapasa mshipa wa mgonjwa, huku akijisemea, "Hapa uko hai. Na hapa uko hai." Juzi mtandao ulikatika ofisi nzima. Bosi akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akitaka jina la mtu. Mama wa mafaili, aliyebakiza miezi miwili astaafu, alikuwa ametulia kupita kiasi. Fundi akazama chini ya meza yake. Mimi niliye jirani nikaona alichokiona: plagi ya ruta inayosambaza mtandao imelala sakafuni, na kwenye soketi yake imechomekwa ya birika la chai. Akazibadilisha kimyakimya. Kompyuta zikarudi hewani, lakini yeye hakutoka. Akabaki kule chini akigongagonga ukuta kwa bisibisi.

"Kulikuwa na nini?" bosi akauliza.

"Waya umechoka, mzee. Nimeukaza."

Bosi alipoondoka, fundi akainuka, akajipangusa magoti.

"Maji yalishachemka, mama," akasema. "Nimiminie basi."