Chumvi ya Mama Mdogo Foibe

Nilipokuwa mtoto, kwetu Bahi chumvi tulitengeneza wenyewe. Kiangazi wanawake walikwangua udongo wa mbugani, wakaujaza kwenye chungu chenye matundu chini, wakamimina maji. Yaliyodondoka yalichemshwa mpaka yakauke, ikabaki chumvi. Bibi alinionya kwamba mwanamke aliyezika mtoto mchanga asiguse kazi hiyo, maana mkono wake huifanya chumvi iwe chungu.

Mama mdogo Foibe alikuwa amemzika mtoto wake wa pekee. Hakuwa na mume wala shamba, kwa hiyo alirudi kwenye chumvi mapema. Na kiangazi hichohicho chumvi yetu ikawa chungu. Zamani wateja wangevumilia, lakini maduka ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa kila mahali, na chumvi nyeupe ya pakiti ilifika hadi mnadani kwetu. Wanawake wakataka Foibe akae mbali na moto. Wengine walinong'ona kwamba mkono unaoharibu chumvi huenda ndio uliomuua na mtoto.

Dada yangu Eshta alikuwa amerudi likizo kutoka sekondari, kichwa chake kimejaa kemia.

"Bibi, tusibishane, tujaribu. Udongo mmoja, maji yaleyale, vyungu viwili. Kimoja apike mama mdogo, kingine upike wewe. Tunabadilisha mkono tu."

"Ndiyo shule hiyo? Kunirudisha mimi jikoni?" Bibi alicheka, lakini alipika.

Mimi nilikuwa mwonjaji. Eshta alinitoa nje kwanza nisijue chungu kipi ni cha nani. Nilionja vyote viwili, nikatema vyote viwili.

"Kumbe na wewe Bibi una mkono mbaya!" nilimwambia.

"Usishangilie. Udongo ule aliukwangua Foibe. Aliuharibu kabla haujanifikia."

Nilidhani Eshta angekasirika. Alifurahi. "Hapo umenishika, Bibi. Hilo sikulifikiria."

Mwaka ule tulikuwa tumehamia sehemu mpya ya mbuga, ng'ambo ya korongo. Basi Foibe alitumwa akakwangue peke yake kule kwa zamani, na Bibi akakwangua kule kupya, Foibe asisogee. Chumvi ya Foibe ikatoka nzuri. Ya Bibi ikawa chungu. Jirani akarudia, ikawa vilevile.

Bibi aliramba kidole, akaramba tena. "Foibe, kesho chukua jembe. Tunarudi kule kwa zamani."

Nilingoja Foibe apige vigelegele. Alibaki ameketi, mikono mapajani.

"Eshta, mwanangu, kumbe mambo haya yanaweza kujulikana. Sasa nijaribie na lile jingine. Mtoto nilimuua mimi?"

"Hapana, mama mdogo."

"Usinijibu kwa huruma. Chumvi hukuijibu kwa huruma."

Chungu kikiharibika, unachemsha kingine, unabadilisha jambo moja, unalinganisha. Foibe alikuwa amezaa mtoto mmoja tu. Dada yangu akaanza kulia, na Foibe ndiye aliyembembeleza.

Nimesoma mengi tangu hapo, na siwezi kuwacheka wale wanawake. Waliona mambo mawili yakifuatana wakayaunganisha, kama sisi sote tunavyofanya tukiogopa. Hata Bibi, ubishi wake ndio uliofanya jaribio letu liwe jaribio kweli. Njia ile ilikuwa nzuri, nami bado naiamini. Ila ilimpa Foibe jibu la chumvi, ikamwonyesha jinsi jibu linavyokuwa, kisha ikamwacha pale.

Nilipojifungua, miaka mingi baadaye, nilimpelekea Foibe mwanangu amshike. Wakati huo hakuna aliyekumbuka tena uvumi ule. Foibe alirudisha mikono yake nyuma.

"Mlaze hapo mkekani," alisema, "nimtazame."

Nilimlaza. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kwamba hana hatia, na yote yalikuwa ya huruma.