Baba aligoma kula siku tisa akidai "posho", kumbe sote nyumbani hatukuelewa neno

Wakuu, salamu toka Kampala. Hii imetokea jikoni kwangu Jumamosi iliyopita na mpaka sasa mwili haujatulia. Sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe mtaona ilikuwa ya kupimwa.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la nne. Nilianza kwa kuosha injini Kisenyi, leo nina maduka mawili ya spea hapo hapo na nyumba Mbuya. Jiko la wife lina granite, oven na gesi ya plate nne. Wenye degree wananiita bosi.

Sasa baba yangu ni askari mstaafu, alipigana vita porini zamani. Mama alipofariki nikamtoa kijijini kule kaskazini, nikamleta kwangu ale vizuri.

Mzee akagoma kula.

Siku tisa, chai tu. Daktari akasema Jumatatu ikifika hajala, analazwa, anapitishiwa mpira puani. Mzee kusikia hivyo akageukia ukutani.

Ukimuuliza anataka nini, jibu ni moja. "Posho. Nataka posho yangu."

Huku kwetu posho ni ugali. Nyie wa Tanzania najua kwenu ni hela ya kikao, tulieni.

Wife akasonga. Mzee akasukuma sahani. Nikaagiza unga mzuri toka soko la Kalerwe, nikasonga mwenyewe na siagi juu. Akasukuma. "Hii si posho."

Nikajua akili imemtoka. Nililia ndani ya gari, siwafichi.

Aliyeniokoa ni Ladu, mlinzi wangu wa geti, naye alivaa buti za jeshi miaka mingi.

"Bosi, mnamlisha kama mtoto. Jeshini zamani posho ni mgao. Unapewa unga mkavu mkononi, unapika mwenyewe. Huyo anangoja mgao wake."

Nilihisi kama nimepigwa kofi.

Nikapima kikombe kimoja cha unga, maharage ngumi moja, chumvi kwenye karatasi. Ladu akapeleka, akasimama wima mlangoni. "Afande, posho."

Wakuu, mzee akaamka.

Akashika ukuta mpaka jikoni. Akamwambia wife, "Wewe mama, funga dirisha. Moshi itatoka, watatuona."

Nikasema, baba, hii ni gesi, haina moshi.

Akainama, akachungulia ule moto wa bluu muda mrefu.

"Haina moshi?"

"Haina, baba."

"Kama sisi tulikuwa na hii, watu ingebaki hai."

Maisha yangu yote hajawahi kunisimulia ile vita hata neno moja.

Maharage akayaepua hayajaiva, eti vita haisubiri. Unga akaukaanga mkavu mpaka ukawa kahawia, ndipo akamwagia maji na ile chumvi. Harufu kama gunia limeungua. Wife akatoka nje.

Likatoka bonge dogo kama soksi iliyokunjwa. Akachomoa uzi kwenye sweta lake, akalikata katikati. Akasukuma sahani kwangu.

"Chagua."

Nikachukua kipande kimoja. Nikatafuna. Mimi ninayejisifu kila siku kwamba njaa naijua, nilishindwa kumeza.

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akamgeukia Ladu. "Ona hii bosi. Amechukua kubwa."

Nikaangalia. Kweli, changu kilikuwa kikubwa. Sikufikiria hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe. Na mbele yangu ni mtu ambaye hajala siku tisa.

"Kwetu mtu ya kukata anachagua mwisho," akasema. "Ndiyo maana hatukuuana."

Akala chake chote. Kisha akanyoosha mkono, akachukua na changu.

Jumatatu aliingia kwa daktari kwa miguu yake. Sasa kila asubuhi Ladu anampelekea mgao, mzee anapika, wife anafungua madirisha.

Nilichojifunza: nilidhani nampa baba kila kitu, kumbe nilikuwa nimemnyang'anya kazi ya kujilisha. Alitaka haki yake mkononi, mimi nikampa siagi.

Wenye wazee walioshika bunduki, kwenu mezani wanadai nini? Semeni. Na wewe unayejiandaa kuandika kwamba ungechukua kipande kidogo, njoo Mbuya. Nitakata mimi, uchague wewe.