Jaribio Lililokwama kwa Ndevu

Ofisini walimwita Dada Kijani, maana hakuwa mtu wa kuzima kompyuta kabla majaribio yote ya programu hayajawaka kijani, ishara kwamba yamepita. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha programu yao, inayobana picha za eksirei ili zitumwe kwa haraka kati ya hospitali, inafanya kazi kwenye kompyuta za kila aina.

Asubuhi moja kwenye kompyuta yake mambo yalikuwa shwari. Kwa Ndevu, jirani yake wa meza aliyetumia mfumo mwingine wa kompyuta, jaribio moja liliwaka jekundu: "Faili halijapatikana."

"Faili si hili hapa?" Dada Kijani aliuliza, kidole juu ya skrini.

"Ndilo. Sasa linatafutwa lipi?"

Dada Kijani akalifungua, likafunguka. Akalibadilisha jina, akalihamisha, akalirudisha. Jekundu vilevile. Mumewe alipopiga simu kuuliza kama ameshakula, alijibu, "Lipo, ila halipo," akakata.

Mchana wakaamua kufuata hatua za jaribio mojamoja kwa mkono. Kumbe lile faili la picha halikuwa na kosa. Faili lililokosekana ni la programu ndogo ya kubana mafaili: kwa Dada Kijani ilikuja na kompyuta, kwa Ndevu haikuwahi kuwekwa.

Dada Kijani akaandika kwamba programu hiyo isipokuwepo, jaribio lirukwe. Kijani tupu! Lakini roho ikasita. Akaiharibu makusudi sehemu ya kubana picha ya programu yao, akaendesha tena kwa Ndevu. Bado kijani.

"Nimeivunja mwenyewe, na inaniambia nzima. Hivi tunapima nini hapa?"

"Hatupimi kitu," Ndevu alisema. "Tunaruka, tunanyamaza."

Dada Kijani akarekebisha alichovunja, kisha akalifanya jaribio liwake njano na kutamka: "Limerukwa, programu ya kubana haipo." Kwenye mashine inayokagua kazi za wote akakataza kuruka kabisa: programu hiyo ikikosekana huko, kazi isipite. Ndevu naye akaiweka programu hiyo kwake, na safari hii jaribio likapita kihalali.

Walipoyapa majaribio ya zamani kanuni hiyohiyo, zikachomoza njano nyingine mbili. Ya kwanza waliielewa. Ya pili ililalamikia kukosa kifaa ambacho hakuna aliyewahi kukisikia.

"Hiki nacho ni nini?" Dada Kijani aliuliza.

"Dada yangu, mimi usiniulize."

Dada Kijani akavuta kiti karibu, akaanza kulifuata jaribio hilo hatua mojamoja kwa mkono.