Dozi Nzima ya Jane

Mtu akiuguliwa ugenini ndipo anapoujua ugeni wake. Notburga alikuwa amekaa mtaa wa Lizaboni muda wa kutosha kujua kila nyumba yenye mbwa mkali na kila duka linalopunja sukari, lakini siku ile binti yake Jane alipoanza kuhema kama mbuzi aliyekimbizwa, alitazama huku na huku akaona hana wa kumwita.

Mumewe, Tadei, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye maghala ya tumbaku pamoja na wenzake wengi. Waliambiwa shirika linauzwa, kila mtu ajitafutie. Akaenda kujitafutia Dar es Salaam. Mwanzoni salamu zake zilikuja kwa midomo ya madereva wa malori. Baadaye madereva hao hao wakawa wanasema hawajamwona, wengine wakisema hivyo huku wakitazama pembeni. Ndugu zake Notburga walikuwa Namasakata, huko Tunduru, na masika ile barabara ilikuwa tope tupu; gari likikwama linalala hapo mpaka udongo ukauke.

Aliyebaki karibu ni Kasiana, mama wa mtoto aitwaye Leo, mpangaji wa chumba cha pili. Ukuta kati yao ulikuwa mwembamba, mmoja akipiga chafya mwingine anamwambia "afya". Kasiana alikuwa na mdomo, lakini mkono wake haukuwa mfupi. Uani kwao dawa iliazimwa kama chumvi. Mtoto akipata nafuu, vidonge vilivyobaki vinafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa chini ya godoro, vikisubiri homa ya mwingine. Hakuna aliyeuliza jina la dawa. Za kapsuli ziliitwa rangi mbili, basi, na rangi mbili ilitibu kila kitu kuanzia kidonda mpaka kuharisha.

"Mama Jane, mtoto huyu mbavu zinambana," Kasiana alisema akiwa amesimama mlangoni. "Hicho ni kichomi. Ngoja nikuletee, zilibaki za Leo."

Akaleta rangi mbili chache. Jane akameza, hazikusaidia kitu. Kesho yake Kasiana akatoa baiskeli ya mumewe Pankrasi bila kumwomba ruhusa, wakampakia mtoto nyuma na kumsukuma mpaka hospitali, mmoja ameshika usukani, mwingine amemshika mgonjwa. Notburga hakuusahau wema ule, wala hakuna siku atakayousahau.

Daktari Athanasi aliweka kipimo kifuani kwa mtoto, akasema ni nimonia. Akaandika dawa. Kwenye dirisha la dawa wakaambiwa neno lililokuwa limezoeleka miaka ile: "Haipo. Kanunue nje."

Huko nje ni famasi ya Swalehe, iliyofunguliwa juzi juzi tu, yenye kabati la kioo na maboksi yaliyopangwa yakapangika. Swalehe aliisoma karatasi, akataja bei. Notburga aliyekuwa akiuza dagaa wa Nyasa pale sokoni Bombambili alijua bila kupiga hesabu kwamba bei ile ni karibu mtaji wake wote. Dagaa wakiisha, na mtaji umeisha, kesho atauza nini? Na asipouza, huyo mtoto atakayepona atapona ale nini?

"Nikukatie nusu, mama?" Swalehe aliuliza, mkasi tayari mkononi. Hakuuliza kwa ubaya. Kila mtu alikuwa akikatiwa nusu.

"Nikatie nusu."

Dawa ilikuwa kali kweli. Haukupita muda mrefu Jane akaomba uji, kisha akaomba muwa, kisha akaonekana nje akimfukuza Leo kwa fimbo ya mhogo. Notburga akamshukuru Mungu. Akaona hakuna haja ya kumlisha dawa mtoto mzima, akachukua zile zilizobaki kwenye nusu yenyewe, akazifunga kitambaani. Za akiba. Akarudi kwenye dagaa wake, na jioni akamwambia Kasiana kupitia ukutani kwamba mambo ni mazuri.

Kichomi kikarudi wiki iliyofuata, na safari hii hakikubisha hodi. Jane hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Notburga kuliko yote, kwamba mtoto hakuwa na pumzi ya kulilia. Pua zilipanuka, ngozi kati ya mbavu ikawa inaingia ndani kila anapovuta hewa. Akampa zile za akiba, zikawa kama maji. Siku hiyo Kasiana alikuwa msibani Peramiho. Notburga akambeba mtoto mgongoni, akaenda peke yake kwa miguu, akiongea naye njia nzima ili asilale. Watu walimpita na baiskeli zao. Alitaka mmoja wao amwite jina lake, hata kama hatamsaidia. Hakuna aliyemwita.

"Alimaliza dozi?" Daktari Athanasi aliuliza.

"Alipata nafuu, daktari."

"Mimi nimekuuliza kama alimaliza."

Notburga akatikisa kichwa.

"Sikiliza, mama. Wale wadudu hawakufa, walizimia tu. Ulipoacha dawa wakazinduka, na sasa wana hasira. Tukicheza nao tena, dawa hii itakuwa kama pipi kwao, na mimi sitakuwa na nyingine ya kukuandikia. Umenielewa?"

Akamchoma Jane sindano moja pale pale, kisha akavuta karatasi aandike. Notburga aliiona kalamu ikianza kulichora lile jina la mwanzo. Herufi kubwa ile mbele aliikumbuka. Darasa la nne halikumfundisha kusema na madaktari, na tangu utoto alijua kwamba mganga haulizwi bei. Lakini mgongoni alikuwa na joto la mtoto lililopita kwenye khanga mpaka kwenye ngozi yake.

"Daktari, samahani. Hiyo dawa… hakuna nyingine inayofanya kazi kama hiyo, ya bei nafuu? Maana hiyo nzima siiwezi. Ndiyo maana nilikatiwa nusu."

Daktari akainua uso. Akaiacha kalamu hewani, kama mtu aliyekumbushwa kitu nyumbani kwake.

"Sasa kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Hukuuliza, na mimi sikukuuliza kama hela unayo." Akalikata lile jina, akaandika jingine chini yake. "Hili nililolikata ni jina ambalo kiwanda kimoja kimeipa dawa yake. Dawa yenyewe inaitwa amoksisilini. Ukienda na jina la kiwanda, unauziwa ile yenye boksi zuri, na boksi unalilipia. Ukienda na jina la dawa, unaweza kupata ya kopo. Nenda pale kwa masista, wanayo. Kazi ni moja."

Zahanati ya masista ilikuwa na dirisha dogo lenye wavu. Notburga alisalimia, "Tumsifu Yesu Kristo," na sauti ya kizee ikajibu, "Milele amina." Sista Rosemary alifungua kopo kubwa jeupe, akamimina kapsuli kwenye sahani, akaanza kuzihesabu kwa kisu kisicho na makali, akizisukuma tatu tatu. Hazikuwa zikimetameta. Hazikuwa kwenye karatasi ya fedha. Bei ilipotajwa, Notburga aliomba irudiwe, kisha badala ya kufurahi akaingiwa na wasiwasi.

"Sista, zina nguvu kweli hizi?"

"Kwani kwenye maboksi wanafungia nini, mwanangu, malaika?" Akazitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika juu yake: moja, mara tatu kwa siku. "Hii ni dozi nzima. Fungua kapsuli, unga wake uuchanganye na uji kidogo. Kesho kutwa utamwona anacheza. Mpe. Ataruka kamba, mpe. Mpaka bahasha iwe tupu. Na usimgawie mtu."

Kasiana aliporudi toka msibani aliiona bahasha, akaichungulia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Za kopo! Mama Jane, hizo si wanawapa kuku?"

"Daktari kasema kazi ni moja."

"Daktari yeye anameza za boksi. Haya, tutaona kama binti hatataga."

Walicheka wote wawili, na Notburga alipocheka aliona jinsi alivyokuwa hajacheka siku nyingi. Lakini usiku aliamka mara kwa mara kusikiliza pumzi za mtoto, akijiuliza kama hakuununua uhai wa mwanawe kwa bei ya chini. Ni mawazo ya mtu aliye peke yake kitandani. Hakuna wa kumgeukia na kumwuliza, wewe unaonaje?

Jane akapata nafuu. Taratibu kuliko mara ya kwanza, lakini akapata. Akadai uji, akadai muwa. Notburga akaendelea kumpa dawa, na mtoto akaendelea kukunja uso: "Mama, mimi sitaki, mimi mzima!" Naye akambana magotini na kumnywesha.

Ilikuwa asubuhi, Jane anaruka kamba uani, Kasiana alipoingia bila hodi.

"Mama Jane, Leo kaamka na homa na kikohozi. Nigawie zile rangi mbili. Naona wako mzima sasa."

Notburga alikuwa ameshika bahasha. Ndani kulikuwa na dawa za kumfikisha Jane kesho jioni, wala si zaidi.

"Bado hajamaliza, Mama Leo."

"Kuruka kote kule?"

"Wamesema mpaka ziishe. Ile mara ya kwanza niliacha, uliona yaliyotokea."

"Nakuomba mbili tu. Si nilikupa mimi?"

"Ulinipa. Na baiskeli ulitoa." Notburga alikunja mdomo wa bahasha. "Mlete Leo twende wote kwa masista, sasa hivi. Wampime kwanza. Ikiwa ni kichomi, dawa nitalipia mimi, dozi nzima. Dagaa watangoja."

"Sikuja kuomba kulipiwa. Nimekuja kuomba dawa kwa jirani."

"Mama Leo, mbili hazimtibu wako, na wangu zitampungukia."

Kasiana alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Kumbe ndivyo ulivyo. Za kuku zimekuwa dhahabu." Akatoka, na pazia la mlango likabaki likicheza.

Notburga alisimama pale na bahasha yake. Angeweza kumwita. Jina lilikuwa kwenye ulimi. Akalimeza, akamwita Jane badala yake, na mtoto akaja akiburuta kamba, akanywa dawa yake ya asubuhi.

Leo alikuwa na mafua tu. Alilala siku hiyo, kesho yake akawa juu ya mpera. Afadhali angeugua kidogo zaidi, shetani alimnong'oneza Notburga, naye akajikemea na kupiga ishara ya msalaba. Lakini kupona kule kwa Leo ndiko kulikomhukumu. Uani ikasemwa kwamba Mama Jane alimnyima mtoto dawa, na mtoto akapona kwa huruma ya Mungu. Wanawake waliokuwa wakiongea bombani walinyamaza alipokaribia na ndoo, wakaanza tena alipopinda kona.

Bahasha iliisha jioni iliyopangwa. Alipompeleka Jane kukaguliwa, Daktari Athanasi alisikiliza kifua, mbele na nyuma, akasema, "Safi. Hakuna kitu humu." Notburga alitamani kumsimulia mtu neno lile. Njiani alilirudia kwa sauti ndogo, safi, hakuna kitu humu, na Jane akauliza anaongea na nani.

Asubuhi alimkuta Kasiana akifagia uani.

"Umeamkaje, Mama Leo?"

Akajibiwa na ufagio. Alingoja kidogo, kisha akajitwisha dagaa wake, akamshika Jane mkono, wakaenda Bombambili. Kesho yake akasalimia tena.